Sima Haishike Mahali Pachafu





Mwezi huu tunaongea juu ya sima. Kila jamaa ya kwetu inajua sima. Tunainunua kwa mufuko wa kilo 50, tunaichanganya na muchanga, tunajenga nyumba, tunajenga na kanisa. Lakini kuko sima ingine, kidogo tu, yenye wanganga wanatia ndani ya mufupa wa mutu. Wanaitumia kwa kushikilia kiungo cha chuma, wakati kiuno cha mugonjwa kimeharibika na hakiwezi tena kumubeba.

Nimeona vizuri tuizungumuzie kwa sababu mbili. Ya kwanza: katika makanisa yetu wazee wanaanguka na kuvunjika kiuno. Vijana wenye ugonjwa wa damu wenye tunaita SS, wengine wanaanza kuchechemea wangali kwenye masomo. Na jamaa nyingi hazijui kama kuko musaada. Ya pili: historia ya ile sima inatufundisha jambo moja kubwa. Wanganga walitafuta miaka mingi namna ya kuifanya ishike vizuri zaidi, na jibu lenye walipata linaweza kukushangaza. Soma mpaka mwisho, kiisha muzungumuze pamoja nyumbani.

KIUNO KINAHARIBIKA NAMNA GANI?

Mungu alitengeneza kiungo cha kiuno kwa akili nyingi. Juu ya mufupa wa paja kuko kichwa cha mviringo, kama mupira mudogo. Kichwa hicho kinazunguka ndani ya shimo la mufupa wa kiuno. Vyote viwili vimefunikwa na kitu cheupe, laini, chenye kuteleza, kama kile unaona kwenye mwisho wa mufupa wa kuku. Njo maana mutoto anaruka, anakimbia, anachuchumaa, na hasikie kitu.

Sasa kiungo hicho kinaweza kuharibika kwa njia nyingi. Mama muzee, mifupa yake imekuwa myepesi, anateleza kwenye kisima wakati wa mvua, na shingo ya mufupa wa paja inakatika. Kwa kijana wa SS, damu inaziba mishipa midogo, kichwa cha mufupa kinakosa chakula, kinakufa, kinabomoka polepole. Pombe kali kama lutuku, mutu akiinywa sana kwa miaka mingi, inaweza kuua kichwa cha mufupa vilevile.

Na ninyi wasichana, sikieni. Vile vidonge vya dexamethasone vyenye vinauzishwa sokoni kwa kunenepesha mwili ni dawa ya nguvu. Munganga anaipana kwa kipimo na kwa sababu. Mutu akiinywa siku nyingi pasipo munganga, inaweza kumuharibia mifupa ya kiuno angali kijana. Uzuri wa mwezi moja haulipe muguu wa maisha yote.

Kumbe mambo haya yana sababu zenye zinajulikana. Lakini katika kartie zetu tunasikia nini? "Ni nkambo njo anakula muguu wa mutoto." Na muzee mwenyewe akivunjika, watu wanasema Mungu amemufunua kama ni mulozi. Ndugu zangu, tuache maneno haya. Yakobo alipigana usiku mpaka akateguka kiuno, na kule asubui alichechemea akiwa mutu mwenye kubarikiwa. Kuchechemea si alama ya laana. Kumushitaki mama muzee kwa sababu mufupa wake umekatika, hiyo njo zambi yenye tutaulizwa.

MUNGANGA WA INCHI YA WACHIMBAJI

Katika Uingereza kuko muji unaoitwa Wigan. Miaka mingi watu wa kule waliishi kwa kuchimba makaa ya mawe, kama vile siye tunaishi kwa shaba. Karibu na muji huo kuko hospitali ya Wrightington, yenye ilianza kama hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Pale njo munganga John Charnley, aliyezaliwa mwaka wa 1911, alifanyia kazi yake kubwa.

Mbele yake wanganga walikuwa wanajaribu kutia kiungo cha chuma mahali pa kichwa cha mufupa. Kiungo cha namna hiyo kinaitwa protezi. Chuma kilikuwa kinaingizwa kwa nguvu ndani ya mufupa wa paja, lakini kisha wakati kilianza kucheza. Weye mulimaji unajua jambo hili: mupini wa jembe ukianza kucheza kidogo tu, kila pigo linapanua tundu, na kesho unacheza zaidi. Mugonjwa alisikia maumivu kila hatua, hata kuliko mbele.

Charnley aliomba shauri kwa Dennis Smith, mutu wa elimu aliyekuwa anachunguza vifaa vya wanganga wa meno kule Manchester. Wanganga wa meno walikuwa na plastiki moja yenye walitumia kwa kutengeneza meno ya bandia. Jina lake ni refu: polimetili metakrilati. Vile vioo vya plastiki vyenye vinaitwa Plexiglas ni kitu kimoja nayo. Mwaka wa 1958 Charnley alianza kuitumia kwa kushikilia chuma ndani ya mufupa wa paja. Mwezi wa 11, mwaka wa 1962, alianza kutumia protezi yake nzima: kichwa kidogo cha chuma, na kikombe cha plastiki ingine ngumu, vyote viwili vikishikiliwa na sima. Kazi hiyo ilienea katika dunia yote. Mwaka wa 1977 Malkia wa Uingereza alimupatia cheo cha heshima, na Charnley alikufa mwaka wa 1982.

Ile sima inakuja kwa sehemu mbili, unga na maji yenye harufu kali. Kawaida ni gramu 40 za unga na mililita 20 za maji. Ukichanganya, mara ya kwanza inakuwa kama uji, kiisha inanata, kiisha inakuwa kama bukari laini. Wakati ule njo wanaitia. Kisha kama dakika kumi hivi ao kidogo zaidi inatoa moto na inakuwa ngumu kabisa. Chumba kikiwa na joto, inagumuka mbio zaidi. Masoni yeyote mwenye anajenga mwezi wa kumi, jua likiwaka, anaelewa ninasema nini.

SI KOLE

Sasa hapa uangalie sana. Watu wengi wanafikiri sima hii ni kole, kama ile ya kubandika viatu. Charnley mwenyewe alifundisha kama hapana. Haibandike mufupa na chuma. Kazi yake ni kujaza nafasi na kujifunga ndani.

Namna gani? Ndani ya mufupa, karibu na kichwa chake, kuko sehemu yenye matundu madogomadogo kama eponji. Sima ikiwa ingali laini, ikisukumwa vizuri, inaingia ndani ya matundu hayo. Ikigumuka, inakuwa kama mizizi ya muti yenye imeshika udongo. Uzito wa mutu unatoka kwenye chuma, unapita kwenye sima, unagawanyika katika mufupa wote. Hakuna kitu kinacheza.

Lakini yale matundu hayako matupu. Yanajaa damu, mafuta na vipande vya mufupa wenye umekatwa. Sima ikikuta damu na mafuta, haiingie. Inakaa juujuu. Inje picha ya radio inaweza kuonekana muzuri siku za kwanza, na mugonjwa anarudia nyumbani akifurahi. Lakini ndani sima imeshika damu, haikushika mufupa. Damu ile ikikauka, nafasi inabaki. Kisha miaka, jembe linaanza kucheza.

WAZEE WA MUGODI WANAJUA

Wazee wenye walifanya kazi chini ya udongo, Kipushi, Kambove ao Kamoto, wanajua zile bulo ndefu za chuma zenye zinatiwa ndani ya mwamba ili mawe yasianguke juu ya watu. Zingine zinashikiliwa na sima. Muulize muzee namna ya kufanya. Atakuambia: unatoboa shimo, unaosha vumbi yote. Unaingiza tiyo mpaka kule mwisho kabisa, na sima inaanza kujaa kule ndani, huku ukivuta tiyo polepole. Kama ukijaza kuanzia mudomo wa shimo, hewa inafungwa ndani. Inje bulo inaonekana imeshika, lakini ndani ni tupu, na uzima wa watu uko chini yake.

Wanganga walifika kwenye njia ileile. Miaka ya kwanza, walichanganya sima katika bakuli wazi, na wakaishindilia ndani ya mufupa kwa vidole, kutoka juu. Wagonjwa wengi walipona vizuri, lakini kwa wengine chuma kililegea mbele ya wakati. Kuanzia miaka ya 1970 walianza kubadilisha namna ya kufanya, jambo kwa jambo:

Kwanza, kuosha. Wanasukuma maji ndani ya mufupa kwa nguvu, kwa mapigo mapigo, mpaka damu na mafuta vinatoka na matundu ya mufupa yanaonekana safi. Kiisha wanakausha.

Pili, kuziba. Chini ya mahali ncha ya chuma itafika, wanatia kizibo ndani ya mufereji wa mufupa. Pasipo kizibo, sima inakimbilia chini na haisukumwe ndani ya matundu.

Tatu, kujaza kutoka chini. Wanatumia kifaa kama pompe chenye mudomo murefu. Mudomo unafika mpaka kwenye kizibo, na sima inapanda polepole, kama vile muzee wa mugodi alikuambia.

Ine, kufinya. Wanafunga mudomo wa mufupa na wanafinya sima ingali laini, mpaka inaingia katika matundu yote. Kiisha wanaingiza chuma, na wanakishika pasipo kutikisika mpaka sima inagumuka.

Tano, kutoa hewa na kuweka katikati. Sima inachanganywa katika chombo chenye hewa imevutwa, ili isibaki na vipovu. Kipovu ni mahali ufa utaanzia. Na chuma kinawekwa katikati, ili sima ikizunguke pande zote kwa milimita 2 hivi ao zaidi. Masoni hapendi upande moja wa nguzo ukose sima.

Hesabu tena mambo hayo matano. Hakuna hata moja lenye ni sima mupya. Sima ilikuwa karibu ileile. Kilichobadilika ni usafi, uvumilivu na utaratibu wa mutu mwenye anaitia.

Jambo lingine lenye faida kubwa ni la Ujerumani. Kule Hamburg, munganga Buchholz na wenzake walichanganya dawa ya kuua vijidudu ndani ya sima, na waliandika juu yake mwaka wa 1970. Dawa inatoka kidogokidogo na inalinda mahali pale. Hata leo hospitali nyingi zinatumia sima ya namna hiyo.

Lazima niseme na hatari yake. Wakati sima inafinywa ndani ya mufupa, vipande vidogo vya mafuta vinaweza kusukumwa ndani ya damu. Kwa muzee mwenye moyo dhaifu, nguvu ya damu inaweza kushuka gafula, na wengine wamekufa. Kwa hiyo munganga mwenye kupasula anamuambia kwanza mwenzake mwenye kulaza usingizi: sasa ninatia sima. Mbele ya upasuaji wanapima moyo. Msikasirike wakiwaomba vipimo vingi. Wanatafuta kulinda mutu wenu.

KIPYA SI KILA MARA BORA

Vijana wetu wanapenda vitu vipya, na si vibaya. Lakini sikieni hadisi mbili za kweli.

Mwaka wa 1991 sima mupya inayoitwa Boneloc ilianza kuuzishwa. Ilitengenezwa katika Denmark. Watu waliisifu: haitoe moto mwingi, haitoe harufu kali nyingi. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini sima ile ilikuwa dhaifu, na kisha miaka michache tu viungo vya wagonjwa vilianza kulegea. Katika Norway, tangu mwaka wa 1987, kila protezi inaandikwa katika daftari moja la inchi nzima: ya namna gani, sima gani, na kama ilirudiliwa. Daftari lile njo lilionyesha wazi kama kuko shida. Mwaka wa 1995 Boneloc ilitoshwa sokoni. Fikiri kama hakungekuwa na daftari: kila munganga angefikiri mugonjwa wake peke yake njo amekuwa na bahati mbaya.

Hadisi ya pili ni ya muji wa Exeter, katika Uingereza. Mwaka wa 1970, munganga Robin Ling na enjenia Clive Lee walitengeneza protezi ya chuma chenye kung'aa, laini kama kioo, kinene juu na chembamba chini. Mwaka wa 1976 uso wa chuma ulibadilishwa, haukung'aa tena. Mutu yeyote angefikiri chuma chenye kukwaruza kidogo kitashika vizuri zaidi. Lakini hesabu za wagonjwa zilionyesha kinyume: ile isiyong'aa ililegea zaidi. Mwaka wa 1986 walirudilia ile ya kung'aa. Sababu ni hii: chuma laini chenye umbo la kabari, mutu akikanyaga, kinashuka kidogo sana ndani ya sima na kinajikaza zaidi. Kile cha kukwaruza kikitikisika kinakula sima na kufanya vumbi.

Ninapenda hadisi hiyo juu ya kitu kimoja. Wale watu walikuwa wanajulikana, lakini waliangalia hesabu na walikubali kurudi nyuma. Katika Sweden pia, tangu mwaka wa 1979, hospitali zinaandika kila protezi ya kiuno, na kila hospitali inaona matunda ya kazi yake. Wanganga walipoona kama wenye kuosha mufupa vizuri na kutia kizibo wanapata matunda bora, wengine waliwafuata. Ukweli wenye uliandikwa umeokoa miguu mingi.

JAMAA IFANYE NINI?

Mutu wenu akianguka na hawezi kusimama, muguu wake umekuwa mufupi na umegeukia inje, msimukande. Msimuvute muguu. Msimuchanje nyembe. Mupelekeni hospitali siku ileile, akiwa amelala kwenye ubao ao godoro, apigwe radio. Muzee mwenye kulazwa nyumbani kwa majuma anapata vidonda vya mugongo na ugonjwa wa mapafu, na mara nyingi hivyo njo vinamuua, si ule mufupa.

Kijana wa SS mwenye anasikia maumivu ya kiuno ao ya goti na anachechemea, apelekwe mapema. Ndiyo, nimesema goti: maumivu ya kiuno yanaweza kusikika kwenye goti. Ugonjwa ukijulikana mapema, kuko mambo ya kufanya mbele ya kufika kwenye protezi.

Upasuaji huu haupatikane katika kila hospitali, na bei yake ni kubwa. Wengine wanaenda mpaka Zambia, Afrika Kusini ao India. Kwa hiyo jamaa ikae pamoja, ihesabu franga kwa ukweli, na muzee mwenyewe asikilizwe. Kiisha mumuulize munganga pasipo haya:

Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Protezi hii itatiwa na sima ao pasipo sima? Kuko maji ya kuosha mufupa kwa nguvu, na kizibo? Sima ina dawa ya kuua vijidudu? Kisha upasuaji nani atamuangalia?

Munganga muzuri hakasirike na maulizo. Anaweza kuwaambia kama kuko protezi zingine zenye hazitumie sima: mufupa wenyewe unakomalia juu ya chuma. Mara nyingi zinapendwa kwa watu wangali na nguvu. Lakini kwa wazee wenye mifupa dhaifu, hesabu za inchi nyingi zinaonyesha kama sima inapunguza kuvunjika kwa mufupa kandokando ya chuma. Kila mutu na mufupa wake.

Mbele ya siku ya upasuaji, mwambieni munganga kama kuko jino lenye kuoza, kidonda cha ngozi ao mukojo wenye kuuma. Vijidudu kutoka pale vinaweza kufika kwenye protezi, na hapo kazi yote inaharibika.

Kisha upasuaji, tengenezeni nyumba. Miezi ya kwanza mugonjwa asichuchumae. Choo chetu cha shimo ni hatari kwake: mutengenezee kiti chenye tundu, cha kutosha urefu. Asikae kwenye kile kiti kifupi cha jikoni, asipitishe muguu moja juu ya mwingine. Atembee kila siku na fimbo zake, kama wanganga watasema. Mahali pa kushonwa pasiguswe na majani wala mafuta ya mutu yeyote, hata kama ni ya muombaji mwenye kujulikana. Tuombe, ndiyo, tuombe sana, lakini tuombe na mikono safi.

Katika inchi zenye kuandika hesabu, zaidi ya nusu ya protezi za kiuno zinafika miaka 25. Hata hivyo musiache kumurudisha kwa munganga apigwe radio kama atakavyoambiwa, hata akiwa muzima. Akianza kusikia maumivu ya paja kila mara anaposimama na kupiga hatua za kwanza, pengine kinaanza kulegea. Homa ao usaha, ni siku ileile hospitali. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

NENO LA KUKAA NALO

Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, alisema juu ya watu waliojenga ukuta dhaifu, na manabii wa uongo wakaupaka chokaa ili uonekane muzuri. Mungu alisema mvua kubwa itanyesha, ukuta utaanguka, na musingi wake utaonekana wazi. Chokaa haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kupaka juu ya kitu chenye hakikutengenezwa.

Sasa angalia nyumba yako. Baba na mama wamegombana juu ya franga za mushahara. Wanaume wa jamaa wanakuja, wanakula kuku, wanasema: "Basi, mambo yamekwisha, mupeane mukono." Hakuna mwenye alikubali kosa, hakuna mwenye alisema ukweli. Hiyo ni sima juu ya damu. Ao katika kanisa: wazee wawili hawasalimiane miaka mitatu, na siku ya Meza ya Bwana tunaimba pamoja kwa sauti kubwa. Inje picha ni nzuri. Kisha miaka, inaanza kucheza.

Na mama muzee mwenye tulimuita mulozi wakati alivunjika? Tunaweza kumuletea nguo mupya kwa Noeli, lakini ile nguo haishike, kama kwanza hatukuenda kumuambia: Mama, tulikukosea. Osha kwanza. Kausha. Kiisha upendo wako uingie mpaka ndani, kwenye matundu yote, na ukae kimya ukiushika, mpaka ugumuke. Kazi hii inaomba wakati, na hakuna sima mupya yenye itaifanya mahali pako.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, kuko muzee ao kijana mwenye anachechemea na hatujamupeleka kwa munganga? Tunangojea nini?

2. Kuko mutu tulimusemea ulozi juu ya ugonjwa? Nani ataenda kwake juma hili?

3. Soma Ezekieli 13:10-16. Ni mapatano gani kwetu tulipaka chokaa tu?

4. Vijana: ni kidonge gani ao pombe gani munapaswa kuacha leo, mbele haijakula mifupa?

Bwana awalinde miguu yenu, na mioyo yenu.

Ni miye, muchungaji wenu.